Shajara ya mradi: kanzu, kanga na kikoi kwa sanamu za kipimo cha 1:6

Sanamu ni nne, na zote zinapangwa mbele ya nyumba moja ya Mji Mkongwe, Unguja: mzee aliyekaa barazani kwa kanzu na kofia, kijana aliyesimama kwa kanzu, mama aliyejifunga doti ya kanga, na mvuvi wa kikoi. Kwa kipimo cha 1:6, mtu wa sentimita 172 anakuwa na sentimita 28.7. Nguo zote ni za kitambaa cha kweli. Hakuna plasta wala udongo uliopakwa rangi.

Wiki ya 1: kitambaa

Ukipunguza ruwaza mara sita, kitambaa chenyewe hakikupungua. Hapo ndipo matatizo yote ya kazi hii yanapotoka. Kanzu ya kwanza ya majaribio ilikatwa kwa popolini ileile ya kanzu ya kuvaliwa. Vipimo vilikuwa sahihi kila mahali, lakini ilisimama kama kengele: mikono ilitoka pembeni na pindo la chini halikugusa miguu.

Sababu yake ni ya hesabu. Ukakamavu wa kitambaa hupanda na kushuka kwa unene wake mara tatu (unene kwa unene kwa unene), lakini uzito wake hufuata unene mara moja tu. Ukikichukulia kitambaa kama bapa moja lisilo na nyuzi zinazoteleza, basi ili kilale kwenye mwili wa 1:6 kama kinavyolala kwenye mwili wa mtu, kingehitaji unene wa karibu sehemu moja ya 15, si sehemu moja ya 6. Popolini ya milimita 0.3 ingetakiwa iwe na milimita 0.02. Hakuna duka linalouza kitu hicho. Basi tunachagua kilicho chembamba kuliko vyote, na upungufu unaobaki tunauziba kwa njia nyingine: kupunguza tabaka, kuongeza uzito chini, na kuikausha mikunjo mahali pake.

Kipimo tulichotumia kuchagua ni cha F. T. Peirce, mtafiti wa pamba aliyefanya kazi Uingereza, aliyekichapisha mwaka 1930, na kinafanyika mezani bila mashine. Kata ukanda wa sentimita 2.5 kwa 20, sambamba na mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa). Tengeneza pembetatu ya kadibodi yenye kitako cha sentimita 10 na kimo cha sentimita 8.85, mteremko wake ni digrii 41.5. Sogeza ukanda polepole nje ya ukingo wa meza, rula ikiwa juu yake, mpaka ncha iiname na kugusa mstari wa mteremko. Pima sehemu iliyotoka nje, igawe kwa mbili: huo ndio urefu wa mpindo. Kadiri ulivyo mfupi ndivyo kitambaa kinavyofaa. Kwetu popolini ilitoka sentimita 4 hadi 5 kabla ya kugusa, melimeli ya pamba (kitambaa chembamba chepesi) karibu 3, na hariri nyembamba ya momme 5 (momme ni kipimo cha uzito wa hariri; hapa ni gramu 22 hivi kwa mita ya mraba) chini ya 3.

Pima baada ya kufua, si kabla. Bafta mpya (kitambaa cheupe cha pamba, kigumu kidogo) imejaa wanga wa kiwandani na hutoa jibu la uongo kabisa. Maji ya moto, sabuni, suuza mara mbili, kausha, piga pasi, ndipo upime.

Uamuzi: kanzu kwa melimeli ya pamba, kanga kwa hariri ya momme 5, kikoi kwa melimeli, kofia kwa bafta. Bafta haifai kwa kanzu, lakini kofia inataka kusimama, na bafta inasimama.

Wiki ya 2: vipimo na ruwaza

Kanzu tuliyoipima ina urefu wa sentimita 142 kutoka begani, mzunguko wa kifua sentimita 126 juu ya mwili wa sentimita 96, na upindo wa chini wa sentimita 2.5. Kwa sanamu: sentimita 23.7, 21 juu ya 16, na milimita 4. Mshono wa cherehani wa milimita 2.5 ungetakiwa uwe wa milimita 0.4. Huo haushoneki, chini ya milimita 1 sindano hurudia tundu lilelile na kukata nyuzi za melimeli. Tulikubali milimita 1, tukahakikisha mishono yote mirefu iko ubavuni au ndani ya mkono, mahali jicho halikai.

Uzi nao una hesabu yake. Uzi wa kawaida wa poliesta, wenye unene wa karibu milimita 0.25, ukiukuza mara sita ni kamba ya milimita 1.5. Kamba hiyo kwenye ukingo wa shingo ya kanzu inaonekana kutoka upande wa pili wa chumba. Tumia uzi mwembamba wa hariri au pamba ya kudarizia mashine, na sindano namba 9.

Ruwaza haikutolewa kwa kupunguza ruwaza ya fundi. Tuliifunga sanamu kwa nailoni ya kufungia chakula, tukabandika juu yake vipande vifupi vya tepu ya karatasi, tukachora mistari ya bega, kwapa na ubavu kwa kalamu, tukakata kwa mkasi mdogo na kulaza bapa. Sanamu nyingi zina mabega mapana kuliko ya binadamu, na maungio ya plastiki yanayotokeza kiwikoni. Ruwaza ya mtu haiyajui hayo. Kisha tuliongeza upana wa kanzu yenyewe, sentimita 5 kwenye mzunguko wa kifua, zikigawanywa mbele na nyuma. Kikwapa, kile kipande kidogo cha kwapani, tuliondoa. Kwenye kanzu kubwa kipande hicho humpa mvaaji nafasi ya kunyanyua mkono. Kwenye sanamu kinaleta mishono minne katika nafasi ndogo kuliko ukucha, na mkono unainuka wenyewe.

Wiki ya 3: darizi kwanza, kukata baadaye

Shingo ya kanzu inadariziwa kabla kitambaa hakijakatwa. Kipande cha sentimita 30 kwa 30 kiliwambwa kwenye fremu ya sentimita 10, ruwaza ikachorwa kwa penseli ngumu, na darizi ikafanywa ndani ya mstari. Ukikata kwanza, duara la shingo la sentimita 6.3 hutanuka mikononi na halirudi.

Uzi wa kudarizia wa mouliné una nyuzi sita, na kila mmoja wa hizo sita umesokotwa kwa nyuzi mbili. Tulichukua mmoja, tukaufungua, tukatumia nusu yake. Mishono ya mnyororo ilijaribiwa na kuachwa: hata iliyo midogo kabisa ilitoa vitundu vya milimita 1.2, sawa na milimita 7 kwa mtu. Kilichofaa ni kulaza uzi juu ya kitambaa ukifuata mchoro, na kuukamata kwa uzi mwembamba wa hariri wa rangi hiyohiyo kila baada ya milimita 1. Uzi uliolazwa hauzidi unene wake, na pembe zinatoka kali. Kishada cha shingoni ni nyuzi nane za hariri zilizofungwa kichwani, urefu milimita 14, ncha zikakatwa baada ya kulowanishwa ili zishuke pamoja.

Mpangilio wa kushona:

1. Kata mpasuo wa mbele, sentimita 4.5, ukishapaka mstari wake gundi nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji na kuiacha ikauke.
2. Unga mabega. Fungua mshono kwa ncha ya pasi, punguza ziada hadi milimita 2.
3. Pinda mdomo wa mkono ukiwa bado bapa. Baada ya mkono kufungwa, kidole hakiingii.
4. Unga mkono na mwili kukiwa bapa bado.
5. Piga bandi (mishono mirefu ya muda), kisha shona ubavu kwa mstari mmoja kutoka mdomo wa mkono hadi chini.

Cherehani ikimeza melimeli, weka karatasi laini ya siagi chini yake na uichane baada ya kushona. Karatasi ya gazeti inaacha wino, na kwenye kanzu nyeupe wino huo hautoki. Cherehani ya zamani ya Singer ya mshono mnyoofu inafaa kuliko ile ya zigizaga, kwa sababu bamba lake lina tundu dogo la duara. Tundu refu la zigizaga huruhusu sindano kukisukumia kitambaa ndani.

Kuhusu tabaka: upindo wa chini kwenye kanzu ya mtu hukunjwa mara mbili. Hapa tulikunja mara moja, milimita 4, ukingo ukizibwa na gundi ileile. Mshono wa upindo haukupita upande wa nje hata mahali pamoja; ulishikwa kwa gundi na mishono michache ya mkono inayokamata uzi mmoja tu wa kitambaa.

Weupe. Kitambaa kipya kina weupe wa samawati unaoifanya kanzu ionekane kama karatasi. Tulitumbukiza kanzu ya kijana kwenye chai hafifu, pakiti moja kwa lita moja, dakika tano, kisha maji safi mengi. Chai ikikolea hula pamba polepole, kwa hiyo tusizidi hapo. Kanzu ya mzee ilitiwa dakika mbili zaidi, na tofauti ya rangi kati ya kanzu hizo mbili zikiwa karibu karibu ndiyo iliyozifanya ziwe nguo za watu wawili.

Wiki ya 4: uzito

Kanzu ya kijana ilikuwa bado inaelea. Tulipitisha waya wa shaba wa milimita 0.2 ndani ya upindo, mzunguko mzima, ukiungwa ubavuni. Waya hufanya kazi mbili: unaivuta nguo chini, na unaweza kukunjwa ili mikunjo ianzie pindoni na kupanda, kama inavyotokea mtu akisimama na uzito kwenye mguu mmoja.

Waya lazima uwe wenye vanishi, ule wa kuzungushia mota. Jaribio letu la kwanza lilikuwa la waya mtupu uliotolewa kwenye kebo. Baada ya siku kumi za hewa ya pwani ulianza kutoa kijani, na upindo ukapata doa. Ilibidi upindo wote ufumuliwe.

Mikunjo ilipangwa hivi: sanamu ikafungwa nailoni, ikavishwa, kitambaa kikalowanishwa kwa pampu ya ukungu yenye gundi nyeupe sehemu 1 na maji sehemu 6. Mikunjo ikavutwa kwa ncha ya sindano butu. Mikunjo mitatu mikubwa inatosha: kutoka kwapani kushuka mbele, kiwikoni, na pale goti linaposukuma. Ukiongeza ya nne na ya tano nguo inaonekana imelaliwa. Pini zikashikilia, na sanamu ikaachwa usiku mzima na mchana uliofuata. Msimu wa unyevu inataka siku mbili.

Wanga wa muhogo unatoa mikunjo mizuri kuliko gundi, tena hauna mng'ao. Hatukuutumia. Mende huufuata, na unyevu wa pwani huota ukungu juu yake. Nguo ya sanamu haifuliwi, kwa hiyo kilichoingia humo kimekaa.

Wiki ya 5 na ya 6: doti ya kanga

Hii ndiyo sehemu iliyochukua muda mrefu kuliko zote, na inastahili. Kanga ikikosewa, kila mtu wa pwani anaona kabla hajaambiwa.

Kanga ya sentimita 150 kwa 110 inakuwa 25 kwa 18.3, na hiyo inaingia kwenye karatasi moja ya A4. Kipande halisi kililazwa bapa kivulini na kupigwa picha kutoka juu, kisha mchoro ukachorwa upya kwenye kompyuta, kwa sababu picha iliyopunguzwa hutoa mistari ya mawimbi pale nyuzi za kitambaa zinapogongana na nukta za picha. Pindo liende pande zote nne. Mji, yaani uwanja wa ndani ya pindo, ukae katikati. Jina, yaani maneno ya kanga, likae chini ya mji, juu ya pindo refu. Herufi za kanga tuliyopima zina sentimita 3, yaani milimita 5, na zinasomeka bila shida: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Mistari iliyo chini ya milimita 0.2 ilifutwa yote, hariri haiishiki.

Uchapaji ulifanyika kwa printa ya kawaida ya wino, lakini wino wenyewe uwe wa pigmenti. Wino wa rangi ya maji hutawanyika mara tu gundi yenye maji inapogusa kitambaa, na jina zima hugeuka kivuli. Hariri ilibandikwa kwenye karatasi ya stika ya A4. Kabla ya hapo stika ilibandikwa na kubanduliwa mara mbili kwenye shati kuukuu ili gundi yake ipungue nguvu. Gundi mpya hung'ang'ania na kuvuta nyuzi. Nyoosha mtande na ukingo wa karatasi kwa kuvuta uzi mmoja na kufuata mstari wake. Ukingo unaoingia kwanza kwenye printa ufungwe kwa tepu nyembamba, na nyuzi zinazoning'inia zikatwe. Uzi mmoja ukinasa kwenye kichwa cha wino, kazi imekwisha siku hiyo.

Rangi ikiwa bado juu ya stika inaonekana imekolea. Ukibandua, nusu ya kukolea huko inabaki kwenye karatasi. Tulichapa upya tukiwa tumeongeza ukolezo wa nyekundu na nyeusi, na ya pili ikawa sawa. Hasara hiyo ina faida yake: wino umepenya, na upande wa nyuma una rangi. Melimeli tuliyoijaribu awali ilikuwa nyeupe kabisa nyuma, na pembe ya kanga inapogeuka begani weupe ule unaharibu kila kitu.

Bandua kwa kufuata mtande, polepole. Ukivuta mshazari, mraba unageuka kuwa msambamba. Acha siku moja, kisha pasi ya moto isiyo na mvuke, karatasi katikati.

Kuna jambo la kingo ambalo hukosewa sana. Doti hununuliwa ikiwa imeungana, hukatwa katikati, na kinachopindwa ni zile ncha fupi tu. Kingo ndefu ni kingo za kiwandani, hazina upindo. Kwa hiyo sanamu nayo: ncha fupi zikakunjwa milimita 1.7, kingo ndefu zikapakwa mstari mwembamba wa gundi, zikakauka, zikakatwa kwa wembe mpya na rula ya chuma. Kukata kwa chuma cha moto kunafaa kwa poliesta inayoyeyuka; hariri na pamba huungua tu na kuacha ukingo mweusi.

Kufunga: nyonga za mama ni sentimita 16.7, kanga ni 25, kwa hiyo sentimita 8 zinapandana. Sehemu ya ndani iliyofichika tuliikata, tukabakiza sentimita 1.5 ya kushikia. Hakuna anayeiona, na kiuno kilipungua mara moja. Jina liangukie katikati ya nyuma. Kanga ya pili inapita kichwani na kushuka mabegani, jina lake nalo nyuma, na ncha moja imetupwa begani. Ncha hiyo ina waya wa milimita 0.1 kwenye upindo mfupi. Bila waya ilijikunja kama jani kavu.

Wiki ya 7: kikoi

Kazi ya siku tatu. Melimeli ya sentimita 18.3 kwa 28 pamoja na matamvua. Michirizi inakwenda na mtande, kwa hiyo ilipakwa kwa rangi ya kitambaa, brashi na rula, pande zote mbili. Ipakwe kabla ya kuchomoa mshindio (nyuzi za upana): kwenye kikoi cha kweli tamvua lina rangi ya mchirizi uliotoka, na ukipaka baadaye nyuzi zinagandana. Mshindio ulichomolewa milimita 13 kila ncha. Kitambaa chetu kina karibu nyuzi 35 kwa sentimita. Tulisokota kumi kumi kwa vidole vilivyoguswa gundi kidogo, na hayo ni matamvua 64 kila ncha. Mkunjo wa kiunoni ulishonwa kwa mishono miwili iliyofichika, usifungwe kweli, kwa sababu unene wake ungekuwa wa mkeka.

Wiki ya 8: kofia, na mzee kukaa

Kofia: mzingo sentimita 9.5, kimo milimita 15, kisahani cha juu kando. Tabaka mbili za bafta zilibandikwa kwa gundi, zikakaushwa juu ya kichupa chenye upana wa kichwa. Viua, vile vitundu vya pambo la kofia, vilitobolewa kwa sindano nyembamba kabisa kabla ya kuunga, kitambaa kikiwa juu ya sponji, kila tundu kutoka nje kwenda ndani. Kukizungushia kila kiua mshono, kama afanyavyo mshonaji wa kofia, hakuwezekani kwa kipimo hiki. Tulipitisha nusu ya uzi mmoja wa hariri kati ya safu za matundu, na kivuli cha matundu kikafanya kilichobaki.

Mzee ndiye aliyekuwa mgumu. Kanzu ya mtu aliyekaa huzama kati ya mapaja na kuanguka wima kutoka magotini. Ya sanamu ilijitanda kutoka goti hadi goti kama hema, na nyuma ikarundikana chini ya makalio hadi mzee akaonekana amekalia mto. Tulikata kipande chote cha nyuma kinachokaliwa, kutoka nyonga hadi nyuma ya goti, tukabandika kingo zilizobaki chini ya mapaja. Mbele ikalowanishwa, na katikati ya mapaja kikawekwa kifuko cha nailoni chenye mchanga laini, gramu 40. Siku mbili. Kifuko kilipotolewa bonde lilibaki. Waya wa upindo ulisukumwa ndani kidogo juu ya unyayo wa kulia, na pale ndipo kanzu inapogusa kiatu.